Papa Ruphin Losala na Makabidhiano ya Gare ya Lubunga

Baba zetu, mama zetu, majirani wa ng'ambo hii na wa ng'ambo ile, nyinyi mliokuja kwa mtumbwi, kwa toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, na kwa miguu, familia inawaomba mkae, wenye viti kwenye viti, wengine hapo ukingoni mwa jukwaa la gare hii, kituo chetu cha treni, miguu ining'inie juu ya reli, msiogope, hakuna treni itakayowakata, na huo ndio mwanzo na mwisho wa habari tuliyotumwa kuwasomea leo, Ijumaa tarehe 14 Novemba 2025, kabla hatujamsindikiza mzee wetu.

Papa Ruphin Losala Lituli alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 huko Isangi, mtoto wa tatu wa papa Lituli, mvuvi na muuza samaki wa moshi, na mama Berthe Bosongo, ambaye alisema mpaka kufa kwake kwamba mtoto huyo alitoka akiwa amechelewa wiki mbili, na kwamba tangu siku hiyo hakuchelewa tena mahali popote. Mwaka 1958 baba yake alimpakia mtumbwini pamoja na vikapu vya samaki, wakapanda mto mpaka mji huu, na hapa hapa mlipokaa ndipo mtoto alipoona treni kwa mara ya kwanza. Aliuliza kwa nini watu wanashuka kwenye maji na kupanda chuma. Baba yake akamweleza kwamba mbele maporomoko yamefunga mto, mashua haipiti, basi treni inayazunguka maporomoko kama mtu mwenye adabu anavyopita nyuma ya nyumba yenye ugomvi, mpaka Ubundu, kilomita mia moja ishirini na tano, ambako mashua nyingine inangoja. Mtoto alifikiri kidogo, akasema, "Papa, mimi sitavua tena," na papa Lituli, aliyekuwa na nyavu nne na mtoto mmoja tu mwenye mikono mirefu, alilia njia nzima ya kurudi Isangi.

Akaletwa kukaa kwa jamaa hapa Lubunga, akasoma shule ya msingi kuanzia Septemba 1958 hadi Juni 1966, miaka minane badala ya sita, si kwa sababu ya kichwa kigumu, bali kwa sababu vurugu za mwaka 1964 zilifunga shule na kuwapeleka watoto msituni. Kisha akasoma miaka miwili ya sekondari, akatoka na vitu viwili, mwandiko mzuri kama wa karani wa askofu, na tabia ya kugonga kengele, maana walimu wote waligundua kwamba kengele ikiwa mkononi mwa Losala hata mwalimu mkuu anakimbia.

Tarehe 3 Mei 1971 aliandikwa kazi katika gare hii, kwanza kufagia jukwaa, mwaka 1974 akapewa kugeuza njia za reli na bendera mbili za kazi hiyo, na mwaka 1983 akawa naibu wa mkuu wa gare, mwenye kofia na filimbi. Wazee waliopo wanakumbuka, vijana waaminishwe, mashua kubwa ilipofika kutoka Kinshasa watu walivuka mto kuja huku na magodoro, mbuzi, mashine za kushona na mabibi harusi, jukwaa likajaa hadi mtu akipiga chafya wanne wanaomba radhi, na juu ya kelele yote hiyo kulikuwa na sauti moja tu ya sheria, kengele yetu, kile kipande cha reli kinachoning'inia pale kwenye waya, ambacho papa Ruphin alikigonga kwa nyundo. Pigo moja saa kumi na mbili asubuhi maana yake gare imefunguliwa na ina mwenyewe, mapigo mawili maana yake treni inafika, mapigo matatu maana yake treni inaondoka, na ole wako ukiwa bado unabishana bei ya ndizi.

Bendera hizo mbili, nyekundu na kijani, zilishonwa na papa Mohamadi, fundi cherehani wa mtaa huu, mtu wa msikiti na mwenye ulimi, na bendera za papa Ruphin zilianza kuchanika mara nyingi sana kuliko za gare nyingine yoyote, hadi siku moja fundi akavua miwani, akamwambia, "Sema ukweli, weye, unatafuta bendera ama unatafuta mutoto yangu?" naye akajibu, "Yote mbili, papa, lakini bendera inaweza kungoja." Alifunga ndoa na Leila binti Mohamadi tarehe 20 Desemba 1975, mbele ya sheikh asubuhi na mbele ya padri mchana, ili kusipatikane upande wa kulalamika, na wakakaa katika nyumba ile ndogo ya matofali nyuma ya gare miaka arobaini na zaidi, bila kugombana ila kwa jambo moja tu, ambalo mtalisikia.

Mungu aliwajalia watoto wanne, wawili aliwachukua wakiwa wachanga, wakabaki Hubert, aliyezaliwa 1977, anayetusikiliza sasa kwa simu kutoka Kinshasa, na Falonne, aliyezaliwa hapa hapa tarehe 2 Julai 1984. Siku hiyo, mkunga alipotoa kichwa dirishani na kusema ni msichana, papa Ruphin aliacha kila kitu, akakimbilia kwenye kengele, akagonga mapigo mawili, abiria wote wakasimama na mizigo kichwani, wakakodoa macho kwenye reli nusu saa nzima, mpaka mmoja akauliza, "Chef, treni iko wapi?" naye akajibu, "Amefika tayari, ananyonya, nyinyi njo batu wa mwisho kujua."

Sasa tunafika mahali ambapo msomaji angependa kuruka ukurasa. Ijumaa tarehe 7 Machi 1997, vita vikiwa vinakaribia mji, treni ya mwisho ya ratiba iliondoka hapa saa tatu asubuhi, papa Ruphin akagonga mapigo matatu, na mkuu wa gare mwenyewe akapanda behewa na mkoba wake, akampa funguo na daftari kupitia dirishani, akamwambia, "Losala, linda gare, nitarudi Jumatatu, tutafanya remise-reprise." Kwa wale ambao hawakufanya kazi za ofisi, remise-reprise ni makabidhiano, anayetoka na anayeingia wanahesabu vitu vyote pamoja, wanaandika, wanatia sahihi wote wawili, na ambaye hajapata sahihi ya mwenzake hajatoka, hata akiwa mgonjwa, hata akiwa mzee, hata dunia ikiwa imepinduka. Mkuu hakurudi Jumatatu ile wala iliyofuata. Watu walipoanza kumcheka, papa Ruphin alikuwa akisema, "Alisema Jumatatu, hakusema ya gani."

Basi akabaki. Kila siku saa kumi na mbili alivaa kofia, akagonga pigo moja, akafagia jukwaa, akang'oa majani kati ya reli hatua mia mbili upande huu na hatua mia mbili upande ule, akafukuza mbuzi kutoka ukumbi wa daraja la kwanza kwenda ukumbi wa daraja la pili, maana alisema hawana tiketi ya daraja la kwanza. Walikula mihogo aliyolima kando ya njia na lituma, zile ndizi za kupondwa, aliyopika mama Leila na kuuza kivukoni. Juni 2000, mabomu yalipoanguka mjini ng'ambo siku sita, watu walivuka mto usiku na mchana, papa Ruphin akafungua milango yote, akafungua pia daftari la abiria, akaandika majina yao mmoja mmoja kwa ule mwandiko wake, mia mbili na kumi na wawili, na katika safu inayouliza abiria anakwenda wapi, aliandika kwa kila mmoja, "Nyumbani." Wengine wenu mmo katika daftari hilo, na mnajua kwamba hamjawahi kuonyeshwa mlango.

Kisha ikaja ndoa ya Falonne. Alikuwa anaolewa na mwalimu Jean-Marie, kanisani Mangobo, ng'ambo ya mto, Jumamosi tarehe 16 Agosti 2008, na ugomvi ule mmoja wa nyumba ile ulikuwa huu, papa Ruphin hakuwa amevuka mto tangu Machi 1997, akisema mlinzi hatoki zamu. Mama Leila alimwekea suti kitandani, akasimama mlangoni na kikwembe kipya, mikono kiunoni, akasema, "Ruphin, miaka kumi na moja treni haiyakuja, njo itachagua siku ya ndoa ya mutoto? Vaa kiatu, tuende." Akavaa kiatu. Alifunga milango, akaandika kwa chaki mlangoni, "Nimevuka, narudi saa kumi," akashuka kivukoni, na walioona ndoa hiyo wanasema hawajaona baba aliyecheza vile, alicheza na bibi harusi, alicheza na wakwe, alicheza na kiti, akapuliza filimbi kila keki ilipokatwa, na saa nane akambusu mtoto wake kwenye paji la uso na kurudi mtoni akikimbia, suti ikipepea.

Kwenye kivuko alimkuta jirani yake Aboubakar, mwenye mbuzi, amekaa juu ya jiwe kama mtu anayelinda maiti. "Papa Ruphin," alisema, "usiniulize kitu, kaa kwanza." Akamwambia, "Treni ilikuja." Papa Ruphin akacheka, akamwambia, "Aboubakar, leo nimekunywa, lakini si kiasi hicho." Aboubakar hakucheka. Saa tano kamili, kigari cha mafundi, kile chenye injini ndogo kinachokagua njia, kilitokea upande wa Ubundu, cha kwanza katika miaka kumi na moja, kikiwa na mkaguzi aitwaye Hilaire na kijana mwenye barua ya kumpokea papa Ruphin zamu. Walipiga honi, wakagonga milango, wakasoma chaki, wakangoja nusu saa. Aboubakar aliwapigia magoti, akawaambia mwenye gare yuko kwa ndoa, yuko ng'ambo pale, moshi wa karamu unaonekana. Mkaguzi alisema yeye anaandika anachokikuta, akajaza karatasi, akaisukuma chini ya mlango, wakageuza kigari kwa mikono, wakaenda zao. Hakikurudi tena.

Karatasi ilisema, "Abandon de poste. Wakala Losala ameacha kazi bila ruhusa." Mtu aliyekaa miaka kumi na moja, siku elfu nne, akatoka nusu siku tu, akaandikwa mtoro. Alisoma akiwa amesimama, bado na ua la harusi kifuani, akakunja karatasi, akaiweka ndani ya jalada la daftari, na mama Leila aliporudi kutoka karamuni akamwita yeye na Aboubakar, akawaapisha, mmoja kwa Msahafu na mwingine kwa Msahafu pia, kwa kuwa wote wawili walikuwa watu wa upande huo, kwamba neno hili halitavuka mto. Alisema, "Ile siku ni ya mutoto. Hatutaweka kitu juu yake." Na halikuvuka.

Ndugu zetu, hapa tunasoma polepole. Tangu siku hiyo papa Ruphin hakuvuka mto tena, kwa ubatizo wa wajukuu hakuvuka, kwa komunyo hakuvuka, na Falonne, ambaye hakujua, aliona jambo moja tu, baba asiyetoka kwenye magofu. Mama Leila alipofariki tarehe 30 Mei 2016, akaenda na siri yake, Falonne alikuja kumchukua baba yake, chumba kilikuwa tayari, chandarua kimefungwa, naye akajibu, "Mutoto, siyafanya remise-reprise." Walibishana miaka mitano. Mwaka 2021, mbele ya majirani, hapa jukwaani, Falonne alisema neno ambalo ametuomba tulisome kama alivyolisema, bila kulipaka mafuta, alisema, "Papa, reli njo mutoto yako ya kwanza, miye uliniokota kwa njia," na papa Ruphin, aliyekuwa na jibu ndani ya daftari hatua kumi kutoka pale, alichukua ufagio. Falonne hakuja tena miaka miwili. Kila Jumapili mzee alimpa mwenye mtumbwi samaki mmoja aliyefungwa kwa majani ampelekee, bila neno, na kila Jumapili Falonne alimpokea, bila neno, akampika, akamla akilia, akidhani ni pilipili.

Mwaka 2023 mguu wa mzee ulianza kuvimba, sukari ikawa juu, Falonne akaja, akamkuta anafagia kwa kukaa. Alipatana naye kwa kunyamaza, kama watu wa nyumba hii wanavyopatana, akawa anavuka mara tatu kwa wiki na dawa. Tarehe 22 Oktoba 2025 alizidiwa, akabebwa kwa nguvu, na katika mtumbwi alishika ukingo kwa mikono miwili akiangalia nyuma, akisema, "Mutaandika nini mlangoni? Andikeni kitu mlangoni." Alilazwa ng'ambo wiki tatu. Jumatatu tarehe 10 Novemba, figo zikiwa zimekataa, alimwita Falonne akamwambia, "Vuka, leta daftari na funguo, hesabu vitu, leo ni Jumatatu, tufanye remise-reprise mimi na weye."

Falonne akavuka, akafungua gare, akahesabu, akabeba daftari kifuani, na kwenye mtumbwi wa kurudi, katikati ya mto, karatasi ikaanguka kutoka ndani ya jalada. Aliona kwanza tarehe. Mwanamke anajua tarehe ya ndoa yake. Akasoma, "Abandon de poste," akageuza, na nyuma, mahali pa wakala kujieleza, maelezo ambayo sheria ilitaka yakabidhiwe kwa mkuu wa gare, na gare haikuwa na mkuu ila yeye mwenyewe, aliona ule mwandiko wa karani wa askofu, "Nilikuwa kwa ndoa ya mutoto yangu Falonne. Kama ile siku ingerudi, ningevuka tena." Mwenye mtumbwi anasema alizima injini, kwa maana hakujua kama abiria wake anaumwa au ameitwa na maji.

Alipofika wodini alikaa, akafungua ukurasa mpya, na wauguzi waliokuwa zamu ndio mashahidi wa mazungumzo haya. Mzee aliuliza, "Kengele?" akajibu, "Iko." "Saa ya ukuta?" "Iko, papa, lakini haitembei." "Andika, iko, inapumzika. Benchi za abiria, sita?" "Mbili, papa. Zile ine batu balipikia chakula wakati ya mabomu." "Andika, zilitumika na abiria. Bendera?" "Mbili, zimetoboka." "Mushone, mama yako asione hivyo. Mbuzi?" "Kumi na moja, papa, zote daraja la kwanza." Akafumba macho, akasema, "Nilitoka tu wiki tatu." Kisha akauliza, "Treni?" na Falonne, aliyekuwa amejizuia tangu katikati ya mto, alishindwa, akalala juu ya daftari, akasema, "Hakuna, papa, hakuna," naye akaweka mkono juu ya kichwa chake, ule mkono wa kengele, akasema, "Andika, inangojewa."

Walitia sahihi wote wawili. Kabla ya kufunga daftari Falonne akatoa ile karatasi, akaiweka juu ya shuka, mzee akaitazama, akamtazama mtoto, akasema kwa haya, kama mvulana aliyekutwa na embe la jirani, "Ulicheza muzuri sana ile siku." Falonne akachukua kalamu, na chini ya maelezo ya wakala, kwa mamlaka ya mkuu mpya wa gare ya Lubunga, aliyepokea kazi dakika mbili zilizopita, akaandika, "Maelezo yamekubaliwa," akatia sahihi, akamsomea kwa sauti, mara mbili, kwa kuwa baada ya mara ya kwanza mzee aliomba arudie. Papa Ruphin alifariki Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, saa kumi na mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, ameacha watoto wawili, wajukuu saba, na vitu vyote vilivyoorodheshwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania wiki tatu na kukubali kuitwa mashahidi bila kuuliza wanashuhudia nini, wenye mitumbwi ambao tangu Jumanne hawajamtoza mtu yeyote aliyesema anakwenda gare, wafanyakazi wenzake wazee waliokuja na kofia zao zilizoliwa na mende, wamezivaa hata hivyo, sheikh na padri waliokubaliana tena kugawana siku, majirani wote wa Lubunga waliopika, na papa Aboubakar, aliyeshika kiapo miaka kumi na saba, ambaye leo, kwa heshima ya marehemu, amefunga mbuzi wake nje. Tunamshukuru pia yule ambaye angesoma hapa kwa furaha zaidi kuliko sisi, maana ni yeye aliyetufundisha kwamba kituo si treni, kituo ni mtu anayekungoja.

Tutambeba kupitia upande wa reli, njia ile aliyoisafisha, hatua mia mbili, kisha tutageuka kwenda makaburini. Tunawaomba kimya kidogo, kwa kuwa mkuu wa gare sasa anasimama, mnamwona, ameshika nyundo kwa mikono miwili, na mnaokumbuka hesabu mhesabu naye, moja, mbili, na lile la tatu ambalo halijagongwa hapa tangu Ijumaa ya 1997.

Papa, njia iko wazi, zamu imepokelewa, jina lako ni safi. Nenda kwa amani, upumzike.